Kanali Aliyejifanya Askari wa Chini

T. E. Lawrence, Mwingereza aliyewasaidia Waarabu kupigana na Waturuki katika vita vya 1914–1918, alikuwa kanali. Lakini mwaka 1922 alijiandikisha kuwa askari wa chini katika jeshi la eropleni, kwa jina la Ross. Magazeti yakamfichua, akatolewa. Mwaka 1923 akaingia jeshi la vifaru kwa jina la Shaw, akajuta upesi. Katika barua zake aliandika kwamba wenzake wa kwanza walikuwa na hamu ya kazi yao, bali hawa wa vifaru walikuja kwa kukosa njia nyingine. (Naona aliwahukumu kwa ukali, yeye mwenyewe alikujaje?) Akasihi arudishwe, hata rafiki zake wakaogopa atajiua. Alirudishwa mwaka 1925, akadumu hata 1935, na miaka ya mwisho alishughulikia mashua za mbio za kuokolea marubani walioanguka baharini.