Kibanda cha Pikapu: Vifaa vya Hiari na Uzito wa Kweli

Kibanda cha pikapu ni chumba cha malazi kinachopakiwa nyuma ya pikapu, wala hakivutwi kama tela, ili msafiri apate kitanda, jiko na maji popote usiku utakapomkuta. Katika Tanzania vyombo hivi ni adimu, na aghalabu ni vya wageni wanaovuka bara kwa nchi kavu. Jamaa yake aliye maarufu zaidi ni hema lifungwalo juu ya paa la Land Cruiser au Hilux. Wasafiri wa namna hii hufika mji wa Mpanda, wakajaza mafuta na kununua vyakula, kisha wakashika njia ya kusini hadi Sitalike, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974.

Aina za uzito. Mnunuzi hana budi kupambanua mambo matatu: uzito wa gari likiwa tupu, uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji, gari na shehena yake yote pamoja, na tofauti baina ya hayo mawili, ambayo ndiyo uwezo halisi wa kubeba. Pikapu nyingi za kawaida hubeba takriban tani moja. Nchini Marekani sheria humlazimu mtengenezaji kubandika kwenye kibanda kibao cha uzito, lakini uzito huo ni wa kibanda chenye vifaa vya kawaida pamoja na kiasi maalumu cha maji na gesi. Habari za vifaa vya hiari msomaji huelekezwa azitafute katika kitabu cha maelezo.

Hesabu ya hiari. Hapo ndipo ghalati huzaliwa, kwa kuwa kila kifaa cha ziada, kikitazamwa peke yake, huonekana chepesi. Tuchukue mathalani kibanda cha kilo 600 juu ya pikapu ya kubeba kilo 1,000: maji lita 80 ni kilo 80, mtungi wa gesi ya kilo 15, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 30, betri mbili za risasi, 60, turubai la kivuli, 25, jokofu, 30, kiyoyozi, 40, na watu wawili, 150. Jumla ni kilo 1,015, na bado hazijapakiwa nguo, vyakula, zana wala gurudumu la pili la akiba.

Wakulima wa mahindi na mpunga wa Katavi wanalijua vema jambo hili kwa jina la lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kilemba kupita kipimo cha halali cha kilo 100. Vifaa vya hiari ni lumbesa ya gari, ila hapa anayedhulumiwa ni mnunuzi mwenyewe, na mwenye kumdhulumu ni tamaa yake.

Madhara. Mzigo ukizidi, breki huchelewa, matairi hupata moto, na fremu huweza kupasuka. Uzito ukielemea nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza utii. Kuongeza springi huinua bodi, lakini hakuongezi nguvu ya ekseli wala ya breki. Katika udongo mweusi wa mbuga za Katavi wakati wa masika, gari zito huzama pale ambapo jepesi lingepita. Tena sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huyataka magari ya kilo 3,500 na zaidi yapite mizanini, na pikapu iliyobebeshwa kibanda huweza kuufikia mpaka huo pasipo mwenyewe kutambua.

Tahadhari kwa mnunuzi. Kabla ya kulipa, na apeleke gari mizanini likiwa na tangi lililojaa, maji, gesi na watu wake wote, akapime kila ekseli mbali mbali, na matokeo akayalinganishe na kibao cha mtengenezaji. Kisha achague vifaa kwa mpango wa haja: kwanza maji na gurudumu la akiba, ambavyo ni uhai, starehe zifuate kwa kadiri ya kilo zilizobaki. Zisipobaki, stahiki yake ni kuiacha starehe au kununua gari kubwa zaidi, kwani hiari hukoma pale uwezo wa ekseli unapokoma.