Fundi sanifu ni nani, na anasomea wapi baada ya kidato cha nne

Kila mwaka TAMISEMI inapotangaza waliochaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo vya kati, ujumbe mwingi unaoingia studio kwetu unafanana. Mzazi amefungua orodha kwenye simu, amelikuta jina la mwanawe, lakini mbele ya jina hakuna shule. Kuna chuo cha ufundi. Anauliza kama mtoto amefeli, au kama kuna mtu amemchezea.

Mtoto hajafeli na hajachezewa. Amepangiwa njia nyingine, na kwa familia nyingi za kijijini njia hiyo ni fupi kuliko ile ya kidato cha tano na sita. Shida ni kwamba hatuielezi. Tunasema tu "ameenda chuo", kana kwamba vyuo vyote ni kimoja.

Fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi

Kwenye kazi za ufundi kuna watu watatu ambao mtaani wote tunawaita "fundi".

Fundi mchundo ndiye mwenye mikono. Anajenga ukuta, anachomelea geti, anafunga nyaya. Wengi wa mafundi hawa husomea VETA au vyuo vya ufundi stadi na kupata vyeti vya NVA, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Mhandisi naye amesoma shahada, kwa kawaida miaka minne chuo kikuu. Anasanifu daraja, anaamua nguzo ziwe na unene gani, na jina lake ndilo linalobeba lawama daraja likianguka.

Katikati yupo fundi sanifu. Anausoma mchoro wa mhandisi na kuugeuza kuwa kazi. Anapima, anakagua, anahesabu vifaa, anasimamia mafundi wachundo na kutafuta kasoro mashine inapogoma. Huyu ndiye anayeandaliwa na vyuo vya ufundi vya kati, na ndiye anayekosekana sana huku kwetu.

Chukua mfano wa darasa linalojengwa shuleni kijijini. Kamati imenunua saruji, mchanga na kokoto, na fundi wa kijiji anachanganya. Maji yakipungua zege linakuwa gumu kumwaga, kwa hiyo anaongeza ndoo moja, halafu nyingine. Zege linateleza vizuri na kila mtu anafurahi, ila maji ya ziada yamepunguza nguvu yake. Fundi sanifu wa ujenzi angepima ulaini wa zege kabla halijamwagwa, na angejaza vibonge vya majaribio vya kwenda kupondwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Hivyo kamati ingejua kama nguzo itabeba paa kabla paa halijapandishwa.

Au chukua kisima. Kijiji kinataka kuvuta lita 5,000 kwa saa, na kutoka usawa wa maji chini hadi juu ya tenki ni mita 60. Pampu ya ukubwa gani? Muuzaji dukani atasema chukua kubwa. Fundi sanifu anakaa na kalkuleta. Lita 5,000 kwa saa ni karibu lita 1.4 kwa sekunde, yaani kilo 1.4 za maji. Anazidisha kwa 9.81, kisha kwa 60, anapata kiasi cha wati 820. Pampu na mota hupoteza nguvu nyingi njiani. Zikifanya kazi kwa nusu ya uwezo, umeme unaohitajika ni karibu wati 1,640, na anaongeza kidogo kwa sababu ya msuguano ndani ya bomba. Kwa hesabu hiyo kamati ya maji inajua inunue paneli ngapi za sola, na inajua pale inapodanganywa. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Chuo kinamfundisha kijana kuitumia akiwa amesimama kando ya kisima.

Miaka miwili au mitatu?

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa, maana utasikia mmoja anasema chuo ni miaka miwili na mwingine anasema mitatu. Wote wana sababu.

Masomo haya yamepangwa kwa ngazi zinazoitwa NTA. Aliyemaliza kidato cha nne huanzia NTA ngazi ya 4, ambayo ni mwaka mmoja na humpa astashahada ya awali. Mwaka wa pili ni NTA ngazi ya 5, astashahada. Mwaka wa tatu ni ngazi ya 6, nayo ndiyo stashahada, au diploma kama wengi tunavyoiita. Kwa hiyo anayesoma miaka miwili haondoki mikono mitupu; ana cheti kinachotambulika. Familia ikikwama pesa mwaka wa pili, mtoto anaweza kusimama hapo, akafanya kazi, kisha akarudi kuendelea.

Lakini tuseme ukweli: ukiweza, usisimame hapo. Angalia matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira. Nafasi ya Fundi Sanifu Daraja la II kwa kawaida inataka stashahada. Mwaka wa tatu ndio unaofungua mlango huo, na mtu aliyeuacha hugundua hivyo akiwa tayari ameshaanza maisha mengine. Tungeshauri familia ipige hesabu ya miaka mitatu tangu mwanzo, hata kama pesa iliyopo leo ni ya mmoja.

Wazee waliosoma zamani watakuambia walikuwa na FTC. Kilikuwa cheti cha fundi sanifu cha miaka mitatu baada ya kidato cha nne, kabla ya mfumo huu wa NTA, na matangazo ya kazi bado hukitaja.

Vyuo vyenyewe

Cha zamani kuliko vingine ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kilichoanza mwaka 1957. Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, kilianza 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani. Kina kampasi Kikuletwa, wilayani Hai, penye kituo cha zamani cha umeme wa maji, na huko wanafundisha mambo ya nishati jadidifu. Mbeya kilijengwa chuo cha ufundi kilichofunguliwa 1986 kwa msaada wa Urusi ya wakati ule, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, na bado kinatoa stashahada. Chuo cha Maji kipo Ubungo, Dar es Salaam. Zanzibar ipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Vipo vingine vya serikali na vya binafsi.

Kozi ni nyingi: umeme, ujenzi, mitambo, magari, elektroniki na mawasiliano, umwagiliaji, kompyuta. Vijana wengi wanakimbilia kompyuta. Hatuwazuii, ila tunawaomba waangalie kwanza kijijini kwao kuna nini. Kuna skimu ya umwagiliaji? Kuna miradi ya maji chini ya RUWASA? Umeme umefika na watu wanaanza kununua mashine za kusaga na kukamua mafuta? Fundi wa vitu hivyo hatoki mbali, na akijulikana hakosi kazi.

Mwaka wa kwanza huwashtua wengi kwa sababu una hisabati nyingi kuliko walivyotarajia. Kuna hisabati, uchoraji wa kihandisi, umeme wa msingi, kompyuta, Kiingereza cha mawasiliano, na saa nyingi za karakana: kukereza vyuma, kuchomelea, kupima. Masomo yote ni kwa Kiingereza. Kila mwaka kuna wiki za mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, kwenye kiwanda, mamlaka ya maji, karakana au kwa mkandarasi. Mwanafunzi ndiye anayetafuta nafasi mara nyingi, kwa hiyo anayeandika barua mapema ndiye anayepata mahali pa maana. Anayechelewa huishia kuchota chai ofisini.

Nani anaingia

Sharti la chini la kuanza NTA ngazi ya 4 ni ufaulu wa masomo manne, kuanzia alama D, bila kuhesabu masomo ya dini. Hilo ni la jumla. Kozi za uhandisi huongeza kwamba kati ya hayo manne yawepo masomo ya sayansi kama fizikia, kemia na hisabati, na kila kozi ina orodha yake. Orodha hiyo ipo kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mwongozo huo ni faili refu na hula bando. Ni nafuu mwalimu mmoja wa shule ya kata aupakue, wazazi waje kusoma kwake.

Na aliyepata F ya hisabati? Anaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia nyingine ni kupanda kutoka chini: asome ufundi stadi hadi NVA ngazi ya tatu, kisha kwa cheti hicho pamoja na cha kidato cha nne aombe NTA ngazi ya 4. Ni njia ndefu, lakini huyu anafika chuoni akiwa tayari anajua kazi, na mara nyingi karakana haimsumbui kabisa.

Ambaye hakupangiwa na TAMISEMI si kwamba amekosa. Vyuo hupokea maombi moja kwa moja, na vingine vina udahili wa Machi pamoja na ule wa Septemba na Oktoba.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Wapo watu wanaofungua chumba mjini, wanabandika bango, wanaita chuo. Mzazi analipa, mtoto anasoma, na mwisho cheti hakitambuliki popote. Miaka ya kijana haiwezi kurudishwa, na ng'ombe pia.

Ingia tovuti ya NACTVET, nactvet.go.tz, utafute jina la chuo. Angalia mambo mawili. La kwanza ni usajili wa chuo chenyewe. La pili, ambalo wengi hawalijui, ni kama kozi anayotaka mtoto imeruhusiwa kufundishwa pale. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi za biashara, kisha kikatangaza umeme bila ruhusa. Kama una nauli, nenda ukaombe kuonyeshwa karakana. Chuo cha ufundi kisicho na karakana ya kukuonyesha, geuka urudi nyumbani.

Ada ya chuo cha serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile wengi wanayoiita kontrolo namba. Chuo binafsi hulipwa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Mtu akikutaka utume ada kwenye namba yake ya simu, hata akisema yeye ni mhasibu, usitume.

Pamoja na ada, fomu ya kujiunga itataja ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya kuchorea, kalkuleta ya kisayansi na bima ya afya. Isiyoandikwa kwa herufi kubwa ni pesa ya kujikimu wakati wa mafunzo kwa vitendo, na kodi ya chumba kama hosteli imejaa. Kwa binti, uliza hosteli kabla ya kuuliza kitu kingine. Mabinti kwenye kozi hizi bado ni wachache, na tumesikia wazazi wakiwazuia si kwa sababu ya hesabu bali kwa kuogopa chumba cha kupanga mjini. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuomba nafasi ya hosteli mapema.

Mkopo upo, ila si kwa kila kozi. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani zilizoteuliwa. Mwongozo hutoka kila mwaka na fani huweza kubadilika, hivyo usitegemee alichokuambia jirani aliyeomba mwaka juzi.

Akishamaliza

Mwenye stashahada anaweza kusajiliwa kama fundi sanifu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Anayetaka kufunga umeme majumbani kwa kujitegemea anahitaji leseni ya EWURA, ambayo ina madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Wapo wanaofanya bila leseni, tunawajua. Siku nyumba ikiungua ndipo leseni huulizwa.

Anayetaka shahada anaweza kuendelea chuo kikuu akiwa na wastani wa GPA 3.0 au zaidi kwenye stashahada, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Hapo ataomba NACTVET namba ya uhakiki wa cheti, AVN, ndipo chuo kikuu kipokee maombi yake. Kwa hiyo aliyekwenda chuo cha ufundi badala ya kidato cha tano hakufungiwa uhandisi.

Kuna jambo moja la kufanya sasa hivi, hata kabla matokeo hayajatoka. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto ukiweke kando ya majina aliyosajiliwa kwenye mtihani. Mara nyingi utakuta kimoja kimeandikwa jina la babu na kingine jina la ukoo, au Mwajuma kwenye kimoja na Mwanajuma kwenye kingine. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na tofauti ya majina inaweza kukwamisha maombi hadi dirisha linafungwa. Kurekebisha huchukua muda, na kama cheti hakipo kabisa, ofisi ya mkuu wa wilaya ndiko pa kuanzia.