Bwalo la Wazee wa Bahari

Wengi waendao Greenwich, kando ya Mto Thames huko London, hufuata ule mstari wa saa za dunia ulioko kilimani. Mimi niliishia chini, kwenye majumba yaitwayo Old Royal Naval College, kwa sababu binti wa dada yangu alikuwa akitafuta ukumbi wa harusi, na majumba hayo siku hizi hukodishwa kwa karamu. Kijana aliyetutembeza alikuwa na adabu sana, ila alijua idadi ya viti kuliko miaka. Basi miaka nitaitaja mimi.

Hati ya kuanzisha mahali hapo ilitolewa mwaka 1694 kwa jina la Mfalme William na Malkia Mary. Yalikusudiwa kuwa makao ya mabaharia wa vita waliozeeka au kulemaa. Msanifu alikuwa Christopher Wren, ambaye hakudai ujira. Bwalo lao la chakula alikabidhiwa mchoraji James Thornhill mwaka 1707, naye akalimaliza mwaka 1726. Miaka 19, msomaji mpenzi, ya kupaka rangi dari na kuta! Alilipwa paundi 3 kwa kila yadi ya mraba ya dari, na paundi 1 kwa ukuta. Mwisho wa bwalo amejichora mwenyewe, mkono ameunyosha, na watu hutania kwamba angali anadai nyongeza. Mwalimu yeyote wa zamani atamwelewa.

Lililonikaa moyoni ni hili: bwalo lilipokwisha lilionekana zuri mno kwa wale wazee. Wakawa wanakula katika vyumba vya chini yake, huku wageni wakilipa kiingilio kuja kutazama dari. Mnamo Januari 1806 maiti ya Nelson ililazwa humo siku 3, na umati ukapita kumwaga. Tangu mwaka 1824 zikatundikwa picha za vita vya baharini. Makao yenyewe yalifungwa mwaka 1869, na bwalo halikurudi kuwa mahali pa kulia chakula hadi mwaka 1939, nao walioketi mezani walikuwa maofisa.

Maana tangu mwaka 1873 majumba hayo yalikuwa chuo cha maofisa wa jeshi la majini, hadi mwaka 1998. Mwaka huo huo wa 1873, chini ya tishio la manowari za jeshi hilo, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Jeshi lile lile, mwaka 1896, liliipiga mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa nzima, na mamia ya watu wakafa au kujeruhiwa. Nilikuwa nikiyawaza hayo mpwa wangu aliponigusa bega.

"Mjomba, unawaona watu wetu wakila pilau chini ya wafalme hawa?"

"Nawaona vizuri," nikamjibu. "Tatizo ni bei."

Alicheka, akaisoma tena ile karatasi ya bei, akaikunja akaitia mkobani. Hatimaye alichukua ukumbi wa kanisa karibu na kwake, wenye jiko kubwa.

Sipingi karamu katika majumba ya kale. Paa la jengo kama lile halitengenezwi kwa sifa, na fedha ya harusi ni fedha halali. Isitoshe, leo wanasoma humo wanafunzi wa chuo kikuu na wa muziki, hivyo halikugeuka duka tupu. Lakini nina sababu ya kuwakumbuka wale wazee. Chuo kimoja cha ualimu nilichopata kukitumikia kina bwalo la zamani, na bodi yake imetaka maoni ya wastaafu kuhusu kulikodisha. Mpango uliopo ni kupaka rangi, kuweka mapazia, kisha wanachuo walie chakula chao barazani ili sakafu isichafuke.

Nimewaandikia wakodishe Jumamosi na Jumapili tu. Mapato yaanze kwa mabati na vyoo, mapazia yangoje. Na Jumatatu asubuhi, hata kama maua ya bibi harusi bado yako mezani, wanachuo waingie na sahani zao.