Game Boy: pini sita za mlango wa waya na pini 32 za kaseti

Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, iliingia sokoni nchini Japani mwezi Aprili 1989. Ubavuni mwake mna mlango mdogo wenye pini sita, ambao kwao mashine mbili huunganishwa kwa waya.

Pini ya 1 hubeba umeme wa volti 5. Ya 2 hutoa data, ya 3 huipokea. Ya 5 hupitisha mapigo ya saa, na ya 6 ni hasi. Pini ya 4 haina kazi katika mashine hiyo ya kwanza. Fundi anayetengeneza waya upya sharti apishanishe pini ya 2 na ya 3, kwa kuwa zikiunganishwa moja kwa moja kila mashine itatuma na hakuna itakayopokea. Pini ya 1 na iachwe wazi, ili umeme wa mashine moja usiingie katika nyingine.

Mashine moja ndiyo inayotoa mapigo ya saa, 8,192 kwa sekunde. Kwa kila pigo biti moja hutoka na nyingine huingia. Baada ya mapigo manane zimebadilishana baiti nzima. Waya ukichomoka, mashine inayotoa mapigo huendelea kusoma 255 tupu, hali mwenzake husubiri pigo lisilokuja. Ndiyo maana waya ukikatika katikati ya mchezo wa Pokémon, uliotoka mwaka 1996, mchezaji aweza kumpoteza kiumbe aliyekuwa akimbadilisha.

Tundu la kaseti lina pini 32: 16 za anwani, nane za data, na zilizosalia ni za umeme na za amri. Pini 16 hufikia anwani 65,536 tu, na kaseti imetengewa sehemu yake, si zote. Hivyo michezo mikubwa huwekewa kidhibiti kinachobadilisha kurasa za kumbukumbu.

Game Boy Advance ya mwaka 2001 nayo ina pini 32, lakini kaseti zake hutumia volti 3.3. Swichi iliyo ndani ya tundu hutambua umbo la kaseti na kuchagua umeme unaofaa. Fundi asiichezee swichi hiyo: volti 5 zaweza kuiunguza kaseti mpya.