Divai kavu

Kwenye chupa ya Grüner Veltliner, divai nyeupe ya Austria, mara nyingi utakuta neno "trocken", yaani kavu. Kilichokauka humo ni utamu. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo na gesi. Ikiachwa imalize kazi, sukari hubaki kidogo mno. Kwa divai kavu, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi gramu 4 za sukari kwa lita, au hadi 9 ikiwa asidi ni ya kutosha. Baadhi ya wakulima wadogo wa kilimo hai kule Kamptal, Austria, huiachia kazi ya kuchachusha hamira ya asili, inayotoka na zabibu zenyewe shambani.

Mimi naliunga mkono neno "kavu", tena kwa moyo wote. Kiswahili kilikwisha kulitengea nafasi: chai kavu haina kitafunwa, ugali mkavu hauna mboga. Kavu ni kilichokosa mwenzake. Anayesema "divai chungu" anapotosha, kwani Grüner Veltliner ina ukali wa limau na harufu ya pilipili manga. Uchungu ni jambo jingine kabisa. Na tuzingatie upatanisho: divai kavu, lakini mvinyo mkavu.