Sindano na Bendeji

Katika masoko ya Kitengela na Kajiado wamo wauzaji wasimamao kutwa, ambao mishipa ya miguu yao imevimba na kujipinda kama kamba. Ndani ya mshipa mna vilango vizuiavyo damu isirudi chini. Vikilegea, damu hutuama.

Mwaka 1853 Pravaz, tabibu Mfaransa, alibuni bomba la sindano. Baadaye matabibu wakatia dawa kali katika mishipa mibovu ili izibe, damu ipitie mishipa mizima. Lakini usafi ulikuwa haba na dawa zilidhuru. Vidonda vikaoza, hata vifo vikatokea. Na mwaka 1894 mkutano wa matabibu mjini Lyon ukaikataa njia hiyo.

Karne ya 20 ilipoleta dawa za upole zaidi, njia ikafufuka. Mwaka 1963 Fegan, mpasuaji wa Dublin, akaandika jinsi alivyoufunga mguu kwa bendeji mara baada ya sindano ili kuta za mshipa zishikamane, kisha mgonjwa akaenda kwa miguu.

Basi, mtu akitaka kuchomwa sindano hiyo leo, na amtafute daktari aliyesomea kazi hiyo, aulizie usafi na ufungaji wa mguu. Mambo hayo mawili yalinunuliwa kwa uhai wa watu.