Hojaji kuhusu mtoto wako: maana yake na haki zako

Katika makazi ya wakimbizi, watafiti wenye tableti au karatasi hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kuhusu watoto: analala vipi, anasoma wapi, anacheza na nani. Orodha hiyo ya maswali huitwa hojaji. Wengine huiita dodoso, au fomu tu. Soma hapa ujue inavyofanya kazi na unachoweza kudai kabla ya kujibu. Taratibu zilizotajwa ni za Uganda.

Hojaji ni nini?

Ni maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale, wanayoulizwa watu wengi ili majibu yaweze kulinganishwa. Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1883 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, alichapisha majibu ya watoto wa Boston waliokuwa wakianza shule. Wengi hawakujua vitu vya kawaida, hasa vya shambani. Hawakuwa wajinga, walikuwa hawajaviona. Hata leo, mtoto aliyezaliwa makazini akishindwa kujibu swali kuhusu treni, kasoro ni ya swali, si ya mtoto.

Kwa nini wanauliza watu tofauti?

Hojaji moja inayotumika sana duniani ni SDQ, iliyotungwa na daktari Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997. Ina vipengele 25 katika mafungu matano: hofu na huzuni, mwenendo, uwezo wa kutulia na kuzingatia, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia wengine. Mzazi hujibu kivyake, mwalimu kivyake, na kijana kuanzia miaka 11 anaweza kujibu mwenyewe.

Majibu yao yakitofautiana, haina maana kwamba kuna anayedanganya. Mwalimu anaona fujo ya darasani, lakini haoni mtoto anayeamka usiku akilia. Wewe unaujua usingizi wake, lakini huenda hujui nani anamwonea njiani. Pia mtoto mkimya husifiwa kuwa ana adabu, kumbe pengine ukimya wake ni wa hofu.

Hojaji kama hii haitoshi kusema mtoto ni mgonjwa. Alama za juu zinaonyesha tu kwamba anahitaji kuangaliwa na mtaalamu.

Kama hujaelewa swali

Omba lirudiwe au lielezwe. Kiswahili chetu si kimoja. Kwa Wakongomani wengi, "masomo" ni shule yenyewe. Kwa Mtanzania ni yale yanayofundishwa. Swali "Mtoto anapenda masomo?" linaweza kupata majibu mawili tofauti kwa mtoto yuleyule.

Je, majibu yataniletea msaada?

Wapo wanaoongeza matatizo wakitumaini kupelekwa nchi ya tatu au kuongezewa posho. Wapo wanaoficha wakiogopa kunyang'anywa mtoto. Hofu na matumaini hayo yanaeleweka. Lakini hojaji ya utafiti haikuandikishi kwenye mgao wala kwenye safari ya nchi ya tatu. Inaonyesha hali ya watoto wengi kwa pamoja, ili ijulikane huduma ipi inapungua na wapi. Ukiongeza, huduma inaweza kwenda pasipohitajika. Ukificha, shida ya watoto kama wako haihesabiwi.

Tathmini ya kuamua nani apewe msaada ni jambo jingine. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Na kama mtoto wako anahitaji msaada leo, usisubiri hojaji: nenda kituo cha afya au kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto.

Kabla ya kujibu, uliza:

- *Unatoka shirika gani?* Akuonyeshe kitambulisho. Unaweza kumuuliza mwenyekiti wenu wa RWC kama ana habari.
- *Utafiti umeidhinishwa?* Unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Ndani ya makazi inahitajika pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM).
- *Jina letu litaandikwa? Nani ataliona?*
- *Naweza kuruka swali au kuacha katikati?* Jibu liwe ndiyo, bila kupoteza huduma yoyote.

Mtoto akihojiwa mwenyewe

Kwa kawaida, mtoto wa chini ya miaka 18 hahojiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Akiwa na miaka 8 au zaidi, yeye pia aombwe ridhaa yake, na akikataa, aachwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa.

Mahojiano yafanyike mahali mnapoweza kumwona bila kusikia anachosema. Usimjibie, wala usimfundishe la kusema. Akianza kulia au kutetemeka kwa kukumbuka vita, mhojaji asimamishe maswali na akuelekeze kwa mshauri. Asipofanya hivyo, una haki ya kusimamisha mahojiano wewe mwenyewe.